Kaye tatu juu ya meza ya kushonea

Goma, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, saa sita jua likatoka kidogo, na saa tisa ikashuka mvua ya mawe, yale madogo madogo. Ilipiga mabati yetu hapa mtaani Mapendo mpaka mimi na mama Furaha, mke wangu, tukawa tunaongea kwa mikono. Mvua hiyo ndiyo imenikumbusha kwamba niliwaahidi maandishi.

Vijana wa shirika letu, Jumapili iliyopita mlibishana hapa kwangu. Mmoja wenu alisema Maandiko yamepita katika mikono mingi mno, kila mtu akaongeza chake na kupunguza chake, kama redio trotwari, uvumi wa barabarani kule Birere: asubuhi mtu ameanguka na pikipiki, jioni amekufa, kesho yake ameonekana anakunywa bia. Mwingine akamwambia anyamaze, hayo ni maneno ya shetani. Halafu mkanigeukia mimi, kwa sababu maisha yangu yote nimeshona Biblia zilizochanika. Nikasema nitaandika. Sasa ninaandika, na sijui kama nitaweza. Nilifika darasa la sita tu, na kushona kitabu si kukijua. Hata fundi cherehani anaweza kukushonea suti ya harusi bila kumfahamu bibi-arusi.

Yule wa redio trotwari asifikiri nimemkasirikia. Ana haki nusu. Nitawaeleza nusu ile, na nusu ya pili pia, kama nilivyoiona kwa macho.

Kazi nilifundishwa na Muzee Paluku, mtu wa Butembo, katika ateliye, karakana ndogo nyuma ya parokia. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni gundi. Unapika unga wa muhogo mpaka unang'aa, unaacha upoe, unachuja kwa kitambaa. Halafu unatia pilipili ya kusaga, ili panya wasile kitabu. Panya wa kwingine labda wanaogopa. Wa Goma walikula migongo ya vitabu vyetu kama sambusa, na mimi nadhani walikuja makusudi kwa ajili ya pilipili. Uzi unapitishwa kwenye nta ya nyuki kabla ya kuingia kwenye sindano, la sivyo unakata karatasi. Na usivute kwa hasira. Muzee Paluku aliniangalia mkono, si uso, na akijua nimegombana nyumbani alininyang'anya sindano, akanipa ufagio.

Siku moja nilishona kitabu cha masomo ya misa kilichoanguka majini. Kona zilikuwa zimeoza, namba za kurasa hazionekani, nikapanga kwa kichwa changu. Noeli ikafika. Padiri akaanza kusoma habari za wachungaji na kondoo zao, akageuza ukurasa, akajikuta kwenye meli ya Paulo inayovunjika baharini. Akasoma kipande kizuri kabla ya kushtuka. Baada ya misa mama mmoja mzee alinishika mkono akasema mwaka huu wachungaji wametembea sana.

Muzee Paluku hakunipiga kelele. Alinionyesha tu namna. Kitabu kikishafunguka na hujui mpangilio, alisema, acha kichwa chako kwanza, tafuta kitabu kingine cha chapa ileile, vilaze pamoja juu ya meza, uende ukurasa kwa ukurasa. "Kichwa yako inakumbukaka hata kitu yenye haiko," aliniambia. Sisi tuliita kazi hiyo kulaza pamoja. Ninawaomba mshike neno hilo, kwa sababu yote nitakayosema sasa yamo humo.

Ilikuwa miaka ile ya watu kukimbia. Wa Rutshuru walishuka, wa Masisi wakashuka, barabara ya Sake ikajaa magodoro na mbuzi. Mimi niliendelea kushona, maana watu wanaokimbia hubeba vitu vya ajabu, na wengi walibeba vitabu vya sala vilivyolowa. Katika kambi moja upande ule kulikuwa na kanisa la shitingi, turubai za plastiki tu, na katekista wake alikuwa Papa Anselme, aliyetoka kilima kimoja karibu na Rumangabo. Mtu mrefu, mpole, sauti ndogo. Biblia ya chapa hakuwa nayo. Alikuwa na kaye, daftari la shule, aliyoandika kwa mkono wake Injili ya Luka yote.

Kwa nini kwa mkono? Huko kwao kitabu cha chapa kilikuwa kimoja kwa vilima vitatu, na barabara ilianza kuwa mbaya, hakuna aliyetaka kutembea nacho. Basi makatekista watatu walikutana kanisani, na Mama Veneranda, aliyekuwa mwalimu wa shule, akawasomea kwa sauti kama diktee, wao wakaandika, jioni baada ya jioni mpaka mwisho. Kila mmoja akarudi na kaye yake. Baadaye vita vikapita, kanisa likaungua na kitabu cha chapa ndani yake.

Dominika ya Matawi, kambini, Papa Anselme alisoma Mateso kutoka kwenye kaye ile. Nyinyi mnajua kuna pahali, Bwana akiwa msalabani, anapowaombea msamaha wanaomuua. Watu wa kambi walikuwa wakisubiri pale. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyeuawa, na wengi walikuja kusikia mstari huo mmoja tu, wengine ili walie, wengine ili waukatae moyoni. Papa Anselme akasoma wahalifu wawili, mmoja kuume na mmoja kushoto, halafu akaenda moja kwa moja kwa watu waliosimama wakitazama. Mstari haukuja.

Papa Deo, mkubwa wa ile jumuiya, alisimama palepale. Ninataka kumtendea haki: hakuwa mtu wa fitina, na yeye pia alikuwa amezika ndugu wawili. Aliuliza mstari wa kusamehe uko wapi. Papa Anselme akatazama kaye, akageuza nyuma, akageuza mbele, akasema haupo. Basi. Kabla ya giza kambi nzima ilikuwa inasema katekista amekula mstari. Mwaka ule aliokuwa anaandika, ndio mwaka aliomzika mtoto wake wa kwanza, aliyepigwa risasi akitoka shambani. Watu wakaunganisha. Hakutaka kusamehe, walisema, kwa hiyo akautoa. Na kama ametoa huo, mengine aliyotufundisha ni yake au ya Mungu? Alikuwa na watu wazima wa kubatizwa Pasaka, na wawili wakasema hawatabatizwa kwa mafundisho ya kaye iliyopunguzwa. Padiri wetu akasema jambo hilo liangaliwe kabla ya Jumamosi Kuu, na mpaka wakati huo Papa Anselme asifundishe.

Jumatatu alikuja ateliye. Aliweka kaye mezani, hakukaa.

"Fundi, weye unajuaka makaratasi," alisema. "Angalia kama ni mukono yangu njo ilifanya hii kitu."

Nikamwuliza kama hakumbuki.

"Sikumbuki. Ile mwaka nilikuwa na hasira mingi. Pengine nilisikia, nikakataa kuandika. Mutu anaweza kufanya vile na asijue?"

Nikamwambia sijui. Nilimpa kiti mara ya pili, akakaa.

Niliiangalia kaye kama ninavyoangalia kitabu cha mtu yeyote. Karatasi ya kaye imekunjwa katikati, ukichana upande mmoja, ule wa pili unalegea kwenye uzi. Hakuna kilicholegea. Nilipitisha kidole kutafuta pahali palipokwanguliwa na wembe, kwa sababu palipokwanguliwa huwa na manyoya, hakuna. Nikainua kwenye dirisha, hakuna. Wino uleule, mwandiko uleule, sentensi moja inaisha na ya mbele inaanza, bila pengo. Nilimwambia ukweli: hakuna aliyetoa kitu baadaye. Lakini kama aliruka siku ya kuandika, kwa makusudi au bila makusudi, karatasi hiyo peke yake haiwezi kusema. Alifunga macho. Niliona sikumsaidia chochote.

Jioni, nikifagia, nilimkumbuka Muzee Paluku na meli ya Paulo. Kaye hii ilikuwa na ndugu wawili. Kesho yake nilienda kwa padiri kumwambia, na nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema ni hivyo hivyo wasomi wanavyofanya na maandiko ya kale, hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa na Luka mwenyewe ambayo imebaki, zimebaki nakala za nakala, na kazi yao ni kulaza nakala pamoja. Nilishangaa, kisha nikaogopa kidogo. Nilikuwa nadhani kuna pahali, Roma labda, kitabu chenyewe kimewekwa kwenye sanduku.

Padiri akaongeza jambo moja: tuulize kaye kwanza, watu baadaye, maana mtu akijua unatafuta nini, anakutafutia.

Wa kwanza wa wale makatekista wengine wawili alikuwa amekufa njiani. Mjane wake aliishi hapa hapa Mapendo, na kaye aliihifadhi kwenye kitenge chini ya mto wake wa kulalia. Alitufanya tuape kuirudisha. Wa pili, Papa Gaspard, alikuwa anauza makala, mkaa wa kupikia, huko Birere, na kaye yake ilikuwa nyeusi pande zote kama yeye. Alituuliza kama tunataka na makala pia.

Jumatano Kuu tukakutana ateliye: padiri, Papa Anselme, Papa Deo na mimi. Papa Deo nilimwita mimi. Padiri alisita, lakini nilisema kama hatakuwepo, tutakachopata kitakuwa chetu tu, kambini hakitaingia. Nilifuta meza, nikalaza kaye tatu pamoja. Padiri alisoma ya mjane, Papa Deo ya Gaspard, mimi ya Anselme, sauti ya chini, kila mmoja sentensi moja, tukisimama penye tofauti. Papa Anselme alisimama mlangoni, mgongo kwetu.

Tulianzia mbali, kwenye chakula cha mwisho. Kurasa nyingi zilikwenda sawa, neno kwa neno. Hapa mmoja ameandika jina vibaya, pale mwingine amerudia neno mara mbili, makosa ya mkono uliochoka, na kila kosa la mmoja, wawili walilisahihisha. Nilianza kuona raha. Watu watatu, waliotawanywa na vita, hawakuonana tena, na kaye zao zinaongea sauti moja.

Tukafika msalabani. Kwangu hakuna kitu. Padiri akasoma mstari wa kusamehe kutoka kwa mjane. Papa Deo akasoma wa Gaspard, halafu akainama juu ya kaye ya mjane.

"Hii haifanane na ile," alisema.

Tukasoma tena. Kweli. Maana ile ile, maneno tofauti. Wa mjane ulikuwa na maneno ya zamani, yale wazee walijifunza misheni. Wa Gaspard ulikuwa kama tunavyouimba kwenye Njia ya Msalaba. Kurasa zote zile walikubaliana mpaka kwenye mkato, na hapa, mstari unaojulikana kuliko yote, kila mtu ana wake. Padiri alivua miwani. Sikuelewa bado. Ni Papa Deo aliyeendelea, kidole chake kwenye ukurasa mweusi wa Gaspard.

"Na nguo?" aliuliza. "Mbele ya hapa kuna askari wanagawana nguo. Kwa Anselme nguo ziko wapi?"

Nikatazama. Hazikuwepo. Kura haikuwepo, nguo hazikuwepo. Hakuna aliyezisubiri Dominika ile, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba hazipo. Na kwa wale wawili, nguo zilikuwepo, lakini kila mmoja kwa maneno yake.

Papa Deo aligeukia mlangoni. "Anselme. Hasira yako ilikuwa na mambo gani na nguo?"

Papa Anselme aligeuka.

Nilitaka kushangilia, padiri akatuzuia. Alisema mtu mwenye hasira anaweza kuruka kipande chote, na nguo ndani yake. Alikuwa na haki. Tukamwita Mama Veneranda, aliyekuwa anaishi kwa binti yake Birere, karibu na mpaka. Alifika na fimbo na masikio mabovu. Padiri akamwomba tu aeleze siku aliyowasomea Mateso, hakumwambia kwa nini. Mama alianza na mbuzi wa jirani aliyeingia kanisani na kula maua ya altari. Akaeleza mbuzi kwa urefu. Padiri akangoja. Akaeleza mchungaji wa mbuzi na mama wa mchungaji. Padiri akangoja.

"Halafu mvua ya mawe ikakamata," alisema mwishowe. "Yesu nilikuwa nimesha kumufikisha musalabani. Mabati ikalia, mimi mwenyewe sikusikia sauti yangu. Lakini mwangaza ilikuwa inaisha, nikaendelea tu. Niliona vichwa viko chini, nikasema banaandika."

Padiri akamwuliza kama alirudia. Akasema angerudia kwa nini, si wao ni watu wazima, asiyesikia aseme.

Hakuna aliyesema. Wawili walikuwa wanaujua mstari kwa moyo, wakaandika waliouimba tangu utoto, mmoja kwa namna ya misheni na mwingine kwa namna ya Njia ya Msalaba. Papa Anselme aliandika alichosikia tu. Aliposikia tena sauti ya mama, ilikuwa kwa watu waliosimama wakitazama, akaendelea hapo. Sasa alikumbuka jambo moja: siku zile alikuwa haamini kichwa chake hata kwa sala ya asubuhi, kwa hiyo alijiwekea sheria ya kuandika kinachosomwa na si kingine.

Alikaa chini kwenye kiti changu cha kazi, akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Basi sikukula," alisema. Papa Deo akamwambia, "Haukukula. Ni mvua ilikula." Akaenda kusimama karibu naye, akamwekea mkono begani, akauacha hapo muda mrefu. Mama Veneranda aliuliza nani amekula nini, na kama kimebaki.

Nikampa Papa Anselme kalamu auandike mstari, pembeni mwa ukurasa, si katikati, ili atakayekuja baadaye aone kwamba uliongezwa na lini. Hivyo ndivyo tulifanya ateliye: kiraka kionekane ni kiraka. Aliishika kalamu, hakuandika.

"Siku ile mvua ilinisaidia," alisema. "Leo hakuna mvua. Leo njo nitajua kama naweza kuandika."

Sisi wote tukatazama kwingine. Nilipaka nta uzi usiohitaji nta. Aliandika polepole sana, niliisikia kalamu. Kisha akapuliza wino, akanipa kaye niishone vizuri, kwa jalada. Jumamosi usiku watu wake wote walibatizwa, hata wale wawili, na Papa Deo ndiye aliyeshika mshumaa.

Sasa nyinyi vijana. Nusu ya haki ya mwenzenu ni hii: ndiyo, mikono huruka, mikono hujaza, na mara nyingi anayejaza ana nia njema. Nusu ya pili ni hii: kaye ikiwa moja, kosa linajificha. Zikiwa nyingi, na zimetawanyika kwa watu wasiosemezana, zinashitakiana na kusaidiana, na hakuna mkubwa anayeweza kuzipindisha zote. Ndiyo maana mtu akiniambia kuna tofauti elfu katika maandiko ya kale, siogopi tena. Ningeogopa kama angeniambia hakuna hata moja.

Lakini nisiwadanganye. Baadaye padiri aliniambia kwamba mstari ule ule wa kusamehe haupo katika baadhi ya nakala za kale za Luka, na wasomi hawajakubaliana: wengine wanasema uliruka, wengine wanasema uliongezwa na mtu aliyeujua kwa moyo. Nilikosa usingizi. Mpaka leo sijui. Na kulaza pamoja kunakuonyesha kilichoandikwa, hakukuonyeshi kama Bwana alifufuka. Hilo mimi ninaamini, sikulishona. Atakayewaambia kwamba meza yangu imethibitisha yote, anawadanganya, na atakayewaambia kwamba haikuthibitisha kitu, hakuwepo siku ile alipotua mzigo Papa Anselme.

Yuko hapa leo. Ameshuka kutoka kilimani kwao kutibiwa macho, atalala kwetu, na alipoingia, mvua ya mawe nyuma yake, alinitazama tukacheka wote wawili. Mama Furaha amepika bugali, sambaza zilizokaangwa na nyanya, wale samaki wadogo wa ziwa, na mboga za lengalenga. Tulimwomba mgeni asali. Alisali Baba Yetu kwa ile sauti yake ndogo, polepole, kila neno, hata pale pa kusamehe, hakuruka kitu. Sambaza zilikuwa zimepoa tulipoanza kula, na mama Furaha, ambaye kwa chakula kilichopoa hamsamehi mtu, hakulalamika.